Kengele ya Kengeleni Haikuwekwa Kuita Sadaka

Nianze kwa kukiri kabla hamjanianza. Mimi ndiye niliyeikata ile vidio.

Mnaonifuata mnaijua kazi yangu. Kamera, maiki, laptopu na bando la kukopa. Harusi napiga, matanga napiga, na Jumapili napiga makanisa. Mwaka juzi kanisa moja huku kwetu nje ya kisiwa (jina silitaji, na msianze kubahatisha kwenye komenti) lilinipa kazi ya kurusha ibada laivu na kutengeneza vipande vya sekunde sitini vya TikTok. Masharti yalikuwa mawili. Viti vitupu visionekane, na kila kipande kiishie na nambari ya paybill.

Jumapili moja mama mmoja muuza viazi karai akapita mbele na mbegu yake. Elfu nane. Mtumishi akamwekea mikono, mama akaruka, akacheza mpaka leso ikamdondoka. Ilikuwa picha tamu, wallahi. Nikaikata vizuri, nikaitilia muziki, ikapata watazamaji wengi kuliko kazi yoyote niliyofanya mwezi ule. Nililipwa siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye landilodi akampigia kufuli. Zile elfu nane zilikuwa kodi ya miezi miwili. Mama akaandika kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, kwa adabu zake zote, akiuliza kama kuna wa kumshika mkono. Admini akafuta ule ujumbe, kisha akaandika kwamba grupu ni la matangazo ya huduma pekee. Niliyaona haya kwa macho yangu, maana na mimi nilikuwa humo ndani kama mtu wa vidio. Sikusema kitu. Nilikuwa nadai malipo ya Jumapili iliyopita.

Nani alimfungulia mlango? Jirani zake wawili Waislamu, na kina mama wa jumuiya ya Kikatoliki ya mtaani, ambako yeye hata si muumini. Walichanga mia mia, wengine hamsini. Hakuna aliyerekodi.

Tangu hapo swali moja halinitoki kichwani. Katika hadithi hii, kanisa lilikuwa wapi? Kule kwenye spika na taa za rangi, au pale mlangoni na zile mia mia?

Tuanze na kengele

Ukipanda matatu kutoka mjini kuja Kisauni, ukishavuka daraja la Nyali, makanga atapiga kelele "Kengeleni, wa Kengeleni shuka!" Watu wanashuka, wanakimbilia soko la Kongowea, wanarukia tuktuk na boda. Karibu hakuna anayeinua macho kuangalia kwa nini pale panaitwa Kengeleni. Kengele yenyewe ipo, kwenye mnara mdogo kando ya barabara, inakula moshi wa matatu kila siku.

Kengele ile ni ya Freretown. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya kubanwa na Uingereza. Biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kuwabeba watu kwa kificho, na manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata. Sasa waliookolewa wangeenda wapi? Kwao hawakujui tena, au kwao kumeshachomwa. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa CMS wakafungua kijiji huku Kisauni, wakakiita kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kuanzisha mazungumzo ya mkataba ule.

Na walioifanya kazi kubwa pale hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwa Wabombei, Waafrika waliowahi kuwa watumwa wenyewe, wakaokolewa, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarudi pwani hii kuwapokea wenzao. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Yaani mtu aliyeuzwa utotoni ndiye aliyesimama kumkaribisha aliyeshushwa jana kutoka melini.

Kengele ilikuwa na kazi gani? Wazee husimulia kwamba ililia wakati majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yalipoonekana, watu wapate kukimbilia mahali salama. Ikilia, maana yake kuna mtu anawindwa, mlango uko wazi, ingia.

Hapo ndipo kanisa la upande wetu lilipoanzia, ndugu yangu. Ilibebwa na watu waliowahi kuwa na bei.

Sitaki kupaka sukari. Freretown haikuwa pepo. Miaka ile ya mwanzo wakazi walichapwa viboko na kufungiwa na wasimamizi wao, mpaka ikazuka kashfa na uchunguzi ukafanywa. Na kule Rabai, watumwa watoro walipoanza kukimbilia misheni, mabwana zao walikuja juu, na wamisionari wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Msimamo rasmi ulikuwa watoro wasipokelewe. Walipokelewa hata hivyo, kwa sababu Wakristo Waafrika wa chini hawakuwa na moyo wa kumrudisha mtu kwenye minyororo. Kufika mwanzo wa 1889 watoro zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru pale Rabai, baada ya mabwana kulipwa fidia kupitia kwa George Mackenzie wa kampuni ya IBEA.

Jina hilo likumbukeni, Mackenzie. Tutarudi kwalo.

Kutoka Freretown hiyo hiyo alitoka James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kikachapishwa 1934. Na katika ukoo huo huo akazaliwa, mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya redio iliyouliza Kenya nzima kwa miongo: Je, huu ni ungwana? Alituaga Februari 2025. Wengi tulikuwa tukicheka na kile kipindi, tukidhani ni habari ya adabu za kula na kupanga foleni. Lakini kwa Kiswahili cha zamani mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Mtu wa ukoo uliowahi kuuzwa ndiye aliyekuwa anatuuliza kama tunaishi kama watu huru.

Basi leo nalikopa lile swali. Kumvua mama wa viazi karai kodi ya nyumba, kumpiga picha akicheza, kisha kumfutia ujumbe wake: je, huu ni ungwana?

Kanisa ni neno la watu

Mnisamehe, nitajifanya mwalimu dakika mbili. Neno "kanisa" tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwenye lugha ndugu ya Kiarabu, Kiaramu, aliyoizungumza Yesu mwenyewe. Asili yake ni kukusanya, kukusanyika. Waliotuandikia Agano Jipya kwa Kiyunani walitumia ekklesia, yaani mkutano wa walioitwa watoke majumbani. Kwenye maneno yote mawili hakuna mabati, hakuna spika, hakuna jukwaa. Kuna watu, na kuna mwito.

Wakristo wa kwanza walikaa karne nzima na zaidi bila majengo yao wenyewe. Mojawapo ya makanisa ya kale kabisa yaliyofukuliwa, pale Dura-Europos nchini Syria, ni nyumba ya kawaida ya karne ya 3 iliyovunjwa ukuta mmoja ili watu watoshee. Kama nyumba ya Mlaleo, kwa hivyo mtu wa Mlaleo asione aibu.

Na cheo kipya cha kwanza ambacho kanisa la Yerusalemu lilibuni, mnajua kilikuwa cha nini? Soma Matendo sura ya 6. Wajane waliozungumza Kiyunani walilalamika kwamba wanarukwa kwenye mgao wa chakula. Mitume hawakufuta ujumbe. Hawakusema mkutano huu ni wa matangazo pekee. Walichaguliwa watu saba, wenye sifa njema, na kazi yao ni kuhakikisha mjane amekula. Mambo ya mahubiri na mujiza yalikuwepo, ndiyo, lakini malalamiko ya mjane ndiyo yaliyobadilisha muundo wa kanisa.

Kuna na waraka mmoja wa kale mno, Didake, wa wakati ambapo kizazi cha mitume kilikuwa ndiyo kinapita. Unawaelekeza Wakristo namna ya kumjua nabii wa uongo. Kipimo kimojawapo ni chepesi kabisa: akiomba pesa, huyo si nabii. Waliandika hivyo karibu miaka elfu mbili iliyopita, kabla ya M-Pesa. Kumbe ugonjwa si mgeni.

"Nyakati zimebadilika"

Nikisema haya, jibu ninalopewa na watumishi ni moja. Kijana, nyakati zimebadilika. Corona ilitufungia milango Machi 2020, tukajifunza mitandao. Watu sasa wanasali kwa simu. Lazima twende na wakati.

Sawa. Mimi ndiye mtu wa mwisho kupinga simu, simu ndiyo inayonilisha. Kubadilika si dhambi. Kanisa limebadilika tangu lizaliwe. Lilibadilisha lugha, likabadilisha siku, likakubali wasiotahiriwa baada ya mabishano makali, likahama kutoka majumbani kwenda mahekaluni. Huku kwetu Krapf alifika 1844, akamzika mkewe na bintiye hapa ng'ambo, upande wa Nyali, kabla ya kubatiza umati wowote, na kazi ya kwanza aliyoishika ilikuwa kujifunza lugha ya watu. Kanisa lililogoma kubadilika lisingefika Mombasa.

Shida ni kile kinachobadilishwa. Fomu ikibadilika na kazi ikabaki, hiyo ni afya. Fomu ikibadilika na kazi ikaibiwa, huo ni wizi wenye taa nzuri. Kurusha ibada laivu ili mgonjwa wa Port Reitz aisikie akiwa kitandani, hiyo ni kengele mpya. Kurusha ibada laivu ili viti vitupu visionekane, huo ni uongo, na mimi nililipwa kuusema. Pokea sadaka kwa simu, hakuna ubaya. Lakini kama namba ya kutoa ipo kwenye kila ukuta, na namba ya kupiga usiku ukiwa na shida haipo popote, hapo tayari nimejua mnahudumia nini.

Msinielewe vibaya kuhusu wachungaji. Nawajua wachungaji wa mabati huku Mtopanga na Bofu wanaoendesha boda wiki nzima, Jumamosi wanaosha viti wenyewe, na kukiwa na maiti Makadara inayodaiwa bili wao ndio wa kwanza kuandika karatasi ya mchango. Kuna masista na mapadre ambao bila wao watoto wengi Chaani wasingeingia darasani. Mfanyakazi anastahili mshahara wake, sipingi hata kidogo. Ninachokisema ni hiki: mshahara una kiwango na hesabu. Mbegu haina kiwango, haina hesabu, na isipoota, kosa ni la mkulima maskini aliyekosa imani. Biashara gani nyingine duniani inampa mteja lawama kila bidhaa ikifeli?

Shakahola si mbali

Sasa turudi kwa lile jina. Mackenzie wa kwanza aligawa hati za uhuru Rabai. Mackenzie wa pili, Paul, tunamjua. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, na miili zaidi ya 400 ikatoka, mingi ya watoto. Anakana mashtaka na kesi ziko kortini, kwa hivyo hukumu tuwaachie majaji. Rabai na Shakahola zote ziko Kilifi, kaunti moja. Na washukiwa walipoletwa mahakamani, waliletwa pia hapa Shanzu, Kisauni yetu. Kwa hivyo mtu asiniambie ni mambo ya porini.

Watu husema wale waliokwenda Shakahola walikuwa wajinga. Hapana, jamani. Kulikuwa na watu wenye kazi, watu wenye vyeti, watu wa familia. Hawakufika msituni kwa siku moja. Walianza kwa vitu vidogo ambavyo hata leo tunavipigia makofi: mtumishi haulizwi, mtumishi hana wa kumkagua, mwenye shaka ni adui, jamaa wa nje ni wa dunia, toa kwanza uelewe baadaye. Njia ya kwenda Shakahola imepita mbele ya milango mingi ya makanisa yetu. Wengi wameishia tu kabla ya kufika.

Baada ya hapo serikali ikaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, ripoti ikakabidhiwa 2024, na mjadala wa sheria ya mashirika ya dini ukawaka. Watumishi wengi wakasimama wakalia kwamba ni mateso, kanisa linawindwa. Ati mateso! Kuombwa ufungue hesabu ni mateso? Mateso ni Likoni Machi 2014, watu wenye bunduki walipoingia kanisani Jumapili asubuhi wakaua waumini sita, na mtoto mchanga akabaki na risasi kichwani. Yale ndiyo mateso. Msiliazime neno la watu waliokufa kwa ajili ya kuficha stakabadhi.

Hata hivyo, na hapa nitawakera wa upande wa pili, mimi siamini kwamba leseni itatuponya. Katiba, kifungu cha 32, imetupa uhuru wa kuabudu, na sitaki karani wa wizara aamue mafundisho gani ni sahihi. Cheti cha theolojia hakijawahi kumzuia mwizi. Serikali ikamate anayeua, anayedhulumu watoto na anayetapeli, kwa sheria zilizopo. Lakini kuuliza "kanisa hili linafanya kazi ya kanisa?" hilo ni letu sisi waumini. Tukilikwepa sisi, ndipo serikali inapopata mlango wa kuingilia. Mwenye nyumba asipofagia, jirani atakuja na ufagio wake, na hataondoka mapema.

Maiki si ya mheshimiwa

Na kwa nini naihofia serikali kwenye mambo haya? Kwa sababu wanaotaka kutusafisha ndio hao hao wanaokuja Jumapili na bahasha.

Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipotawazwa askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi ya Kianglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwaambia wanasiasa kwamba mimbari si yao. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alizikataa mamilioni za rais zilizotolewa kwenye parokia ya Soweto. Hapo nilisema kimoyomoyo, kumbe inawezekana. Lakini Machi 2025 kanisa moja Roysambu likaahidiwa milioni 20, na vijana wakaenda kuandamana nje. Mwaka huo huo tukasikia kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu kwa zaidi ya bilioni moja, rais akisema ni pesa yake mwenyewe.

Jamani, Ikulu haikosi pa kusali. Kinachokosekana ni wa kuiambia ukweli. Mchungaji aliyejengewa paa na mheshimiwa, atamkemea mheshimiwa na mdomo upi? Mkono mtupu haulambwi, tunajua, lakini na mkono uliojaa una bei yake.

Huku kwetu mambo ni madogo madogo lakini ni yale yale. Mbunge mtarajiwa anakaa kiti cha mbele, anapewa maiki dakika ishirini, mahubiri yanafupishwa. Mama wa viazi karai angeomba maiki dakika mbili aseme amefungiwa nyumba, angeshikwa bega na protokali.

Kanisa lililotakiwa kulia

Nipeni mfano mmoja wa nyumbani. Owino Uhuru, pale Mikindani, ukitoka Changamwe si mbali. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukutani kwa ukuta na nyumba za watu kama 3,000. Risasi, ile madini, ikaingia kwenye hewa, maji na damu. Watoto wakaugua. Aliyepiga kelele ni Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Alikamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mimi nimekaa makanisani tangu nikiwa na miaka sita. Nimesikia mahubiri juu ya mavazi ya kina dada, juu ya jini la baharini, juu ya zaka, juu ya zaka tena. Juu ya Owino Uhuru sijawahi kusikia hata moja. Huenda yalihubiriwa kwingine, na kama ni kwako, nakupongeza kwa moyo wote. Nasema ya masikio yangu.

Lakini kengele ile ilikuwa ya nini, kama si ya wakati huo? Wakati mtoto anawindwa na kitu kinachomtoa damu safi mwilini, wakati kijana wa Kisauni anawindwa na unga mpaka anaitwa teja na jina lake linasahaulika, wakati mwingine anaingizwa kwenye genge na panga mkononi akiwa na miaka kumi na nne. Majahazi hayajaisha. Yamebadilisha tanga tu.

Na msiseme kanisa haliwezi. Liliwahi kuweza. Agosti 1997, Likoni ilipowaka, kituo cha polisi kikavamiwa na watu wa bara wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba, walikimbilia wapi? Maelfu walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, na magodoro na kuku na watoto. Hakuna aliyeulizwa kadi ya zaka mlangoni. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao, na mpaka leo ukimuuliza kanisa ni nini, hakutajii jengo wala dhehebu. Anasema, "Ni pale tulipolala." Aliyemvusha barabara kumpeleka pale alikuwa jirani yake Mdigo, Mwislamu, aliyemfunika baibui ili asitambulike.

Na sisi vijana

Msidhani mmepona. Najua tunavyosema. "Mimi ni wa kiroho, dini sitaki." "Kanisa langu ni YouTube." Jumapili tunaamka saa tano, tunasikiliza mhubiri wa Marekani kwa mara moja na nusu ya kasi, tunaandika "amina", tumemaliza.

Swali: ukifungiwa nyumba Jumanne, mhubiri wa Marekani anakujua jina? Na jirani yako akifungiwa, wewe unamjua jina? Ukiondoka kanisani kwa sababu ya wezi, una haki. Lakini ukiondoka kwa sababu hutaki kusumbuliwa na shida za watu, basi wewe na yule admini mko kitu kimoja, ni vile yeye alifuta ujumbe na wewe umeutoka grupu kabla haujafika. Hakuna Ukristo wa mtu mmoja na earphone. Mkutano ni mkutano.

Mtaniambia

Mtaniambia usimguse mpakwa mafuta. Ni kweli Daudi alikataa kumuua Sauli. Lakini Daudi huyo huyo, alipomdhulumu Uria, Nathani alimwendea akamwambia usoni. Kukataa kumuua mtu na kukataa kumuuliza mtu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mtaniambia unatuaibisha mbele ya Waislamu, Mombasa hii, nguo chafu zifuliwe ndani. Ndugu zangu, jirani zetu Waislamu ndio waliomfungulia mama mlango. Wanajua zamani. Kinachotuaibisha ni kwamba wao walifika kwanza.

Na mtaniambia, wewe ni nani? Mimi ni mtu wa kamera. Niliipiga ile picha, nikaikata, nikala pesa yake. Ile vidio niliishusha, na nilimtafuta mama nikamwomba radhi. Alinikaangia viazi, akakataa pesa yangu. Alisema tu, "Mwanangu, sikuwa nacheza kwa ajili ya simu yako."

Basi ninaomba vitu vitatu, na si vikubwa.

Kimoja: kila kanisa libandike mlangoni, kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka. Karatasi moja. Hatuhitaji bunge kwa hilo.

Cha pili: kabla ya paybill ya kutoa, kuwe na namba ya kupokea shida, na mtu wa kuishika usiku. Wale saba wa Matendo, tuwape simu.

Cha tatu: maiki. Kila Jumapili dakika tano, asipewe mheshimiwa, apewe yule ambaye wiki hiyo imemwelemea.

Na wewe muumini, Jumapili ijayo, kabla hujatuma, uliza kwa heshima: "Mtumishi, mwezi uliopita tumemsaidia nani?" Ukijibiwa, tuma kwa furaha. Ukifokewa, umeshajua uko wapi.

Siku ukipita Kengeleni, inua macho. Haijalia siku nyingi, lakini ipo pale pale. Kazi ya kengele haikuwa kuwaita watu waje watoe. Ilikuwa kuwaambia waliowindwa kwamba hapa kuna mlango.

Komenti ziko wazi. Nitukaneni mkitaka, ila jibuni hoja kwanza. Na kama unaye mchungaji wa kweli huku Likoni, Kisauni au Changamwe, mtume hii umwambie asante. Hao ndio waliofanya nisiache kwenda.